Vikope na Mwanafunzi Aliyerudishwa Nyumbani
Mwaka 1902 shule za New York ziliwarudisha nyumbani watoto wenye vikope na upele, wakabaki mitaani bila dawa. Muuguzi Lina Rogers alipoanza kuwatibu shuleni na kuwafuata majumbani, wengi walirejea darasani. Sisi wa Msalato tunalo la kujifunza hapo, maana Ugogoni vikope vimepofusha wengi. Nzi hufuata tongotongo. Mikono na nguo hueneza vijidudu. Mtoto akiambukizwa mara kwa mara, baada ya miaka mingi kope hupinda ndani na kukwaruza kioo cha jicho. Utafiti wa Kongwa, uliochapishwa mwaka 1995, ulionyesha kuwa uso safi pamoja na dawa hupunguza vikope vikali. Basi mwenye tongotongo tusimfukuze: kata moja ya maji yamtosha kunawa, hata kiangazi, kisha apelekwe zahanati.