Mizani ya Matabibu

Mubi ni mji mdogo wa biashara katika teritwari ya Walikale, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, kando ya barabara itokayo Walikale kwenda Kisangani, na wengi walisikiao jina lake husikia pamoja nalo habari za kasiterite, jiwe zito lenye madini ya bati, ambalo kwa miaka mingi wapagazi walilichukua mgongoni kutoka machimbo ya Bisie, gunia la kilo 50 kwa mtu mmoja, wakipasua msitu hadi Njingala, ambako wanunuzi waliwangojea na mizani zao. Mnunuzi wa madini haamini neno la muuzaji, hata muuzaji awe shemeji yake. Huliosha jiwe, huliponda, hulipima, ndipo ataje bei. Lakini mtu huyo huyo, homa inapomshika mwanawe usiku wa manane, huipokea dawa kwa sifa zake tu, ama kwa kuwa boksi lake lina rangi ya kuvutia, ama kwa kuwa jirani aliinywa akapona, bila kufikiri kwamba huenda jirani angalipona hata kama asingaliinywa. Wala lawama si yake peke yake, kwani matabibu wenyewe, pamoja na elimu yao yote, waliishi karne nyingi katika dhana ya namna hiyo, na hata leo si wote waliokwisha kutoka humo.

Kuiondoa tiba katika dhana na kuitia katika yakini ndiyo kazi ya utafiti, na jambo ambalo watu wengi hawakupata kuelezwa ni kwamba vipimo kadhaa vilivyobadili tiba ya dunia nzima katika miaka ya karibuni vilifanyika Kilifi, Muheza, Mbale, Kinshasa na Beni, katika wodi zetu wenyewe, juu ya miili ya watu wetu na kwa ridhaa yao. Kwa sababu hiyo naona ni insafu matokeo yake yasimuliwe kwa lugha yao kabla hayajawa hadithi za wageni.

Nianze na kisa ambacho kila mwuguzi wa Afrika Mashariki angestahili kukijua. Mtoto huletwa hospitali akiwa na homa kali, mikono na miguu imepoa, mapigo ya moyo yanakwenda mbio na hali ni dhaifu. Mwuguzi humbana ukucha hadi uwe mweupe, kisha huuachia na kuhesabu polepole, akitazama damu irudi, nayo hukawia. Vitabu vya tiba vilisema kwamba dalili hizo ni za damu kushindwa kuzunguka, na kwamba mtoto wa namna hiyo atiwe maji mengi ya mshipa kwa haraka, katika muda wa saa moja. Agizo hilo lilikuwa na hoja yake, lilifundishwa vyuoni kwa miongo, na daktari aliyelitekeleza alirudi nyumbani akiwa na dhamiri safi. Kuanzia mwaka 2009 hadi mwanzo wa 2011, jopo la watafiti chini ya daktari Kathryn Maitland wa kituo cha utafiti cha Kilifi lililipima agizo hilo katika hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda, watoto 3,141 wakigawanywa kwa kura: wengine walipewa maji ya chumvi kwa haraka, wengine maji yenye albumini, na wengine hawakupewa maji ya haraka hata kidogo, ila matunzo mengine yote walipata sawasawa na wenzao. Baada ya saa 48, katika makundi mawili yaliyotiwa maji kwa haraka walikuwa wamekufa watoto kati ya 10 na 11 katika kila 100, na katika kundi lisilotiwa walikufa 7. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati wake. Tiba iliyokuwa ikitolewa kwa nia njema na kwa mkono wenye huruma ilikuwa ikiua, na wala hapana daktari hata mmoja, awe hodari namna gani, ambaye angeweza kuligundua jambo hilo kwa macho yake kitandani, maana aliyepona alionekana kuponywa na maji, na aliyekufa alionekana kushindwa na maradhi.

Hapa inafaa hadhari kidogo, nisije nikamdhuru mtu kwa kalamu: watoto waliokuwa wakiharisha na kukaukiwa maji mwilini hawakutiwa katika jaribio lile, na hukumu yake haiwahusu, mtoto anayeharisha apewe maji yenye chumvi na sukari kama alivyopewa siku zote.

Ile kura ya kuwagawa watoto ndiyo iwatiayo watu hofu zaidi ya sindano. Mzazi huuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini mtoto wake atupiwe kura kama mbuzi wa sadaka, badala ya daktari kumchagulia lililo bora. Jawabu ni kwamba lililo bora halijajulikana bado, na lau lingalijulikana, kura ingalikuwa dhuluma na haingaliruhusiwa. Daktari akiachiwa achague, aghalabu dawa mpya atampa yule anayemwonea tumaini, na anayekata roho atamwacha na ya zamani, kisha dawa mpya itasifiwa kwa ushindi usiokuwa wake. Ndiyo maana hupigwa kura, na ndiyo maana huwekwa watu wengine mbali na wodi, wasiokuwa na maslahi katika dawa yoyote, wazitazame hesabu kila baada ya muda na kulivunja jaribio pindi kundi moja linapoonekana kufa zaidi kuliko jingine.

Kivu Kaskazini ililijua jambo hili katika saa ngumu kupita zote. Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, na hadi ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imewashika watu 3,470 na kuwaua 2,287. Mwezi Agosti 2019 ilifika hata Pinga, katika teritwari hii hii ya Walikale. Tarehe 20 Novemba 2018, bunduki zikilia viungani mwa Beni, lilianzishwa jaribio lililopewa jina la Pamoja Tulinde Maisha, likiongozwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba ya Kinshasa, ambayo mkuu wake alikuwa Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na taasisi za afya za Marekani na Shirika la Afya Duniani, katika vituo vinne: Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Dawa zilikuwa nne, na mojawapo, iitwayo mAb114, asili yake ni Kongo. Muyembe, ambaye alikuwa Yambuku mwaka 1976 maradhi haya yalipotokea mara ya kwanza, aliwahi kule Kikwit mwaka 1995 kuwatia wagonjwa wanane damu ya watu waliokwisha kupona, na saba kati yao wakaishi. Wenzake wa ng'ambo hawakuridhika, wakasema wanane ni wachache na hapakuwa na kundi la kulinganisha, na kwa kweli katika hilo walikuwa na haki. Lakini fikra haikufa. Mtu mmoja aliyenusurika Kikwit alitoa damu yake miaka kumi na moja baadaye, na katika damu hiyo ikapatikana kingamwili ambayo iliweza kunakiliwa maabara na kufanywa dawa ya dripu moja.

Mazingira ya jaribio yanastahili kuelezwa, kwa kuwa watu walioyasikia kwa mbali waliyachafua kwa uvumi. Huko Beni baadhi ya wagonjwa walilazwa katika vyumba vya plastiki angavu, ambavyo ukutani vilikuwa na mikono ya glavu iliyoshonewa humo, mwuguzi akaingiza mikono yake kutoka nje na kumtia mgonjwa dripu bila ya kuvaa yale mavazi mazito yanayomfanya mtu aonekane kama jini. Na jamaa wakasimama nje, wakamwona mtu wao, wakazungumza naye. Waliopona, walioitwa washindi, walirudi wodini kuwabeba watoto wa wagonjwa, kwa kuwa wao miili yao ilikuwa imekwisha kupata kinga. Walakini kulikuwa na watu walioamini kwamba Ebola ni biashara, na magari mengi ya riposti, yaani ya kampeni ya kuzima Ebola, pamoja na posho zake, yaliipa imani hiyo chakula cha kutosha, ilhali watu wa huko walikuwa wakiuawa miaka mingi kwa panga na risasi pasipo gari hata moja kuja mbio. Siwezi kuwadharau kwa shaka yao. Mwezi Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kutiwa moto, na mwezi Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa hospitalini Butembo.

Pamoja na hayo yote hesabu iliendelea kuandikwa. Mwezi Agosti 2019 wasimamizi waliagiza dawa mbili ziachwe. Katika wagonjwa waliopewa ZMapp walikufa takriban 50 kwa 100, na waliopewa remdesivir 53. Waliopewa mAb114 walikufa 35, na waliopewa REGN-EB3, ambayo ni mchanganyiko wa kingamwili tatu, 34. Waliowahi, virusi vikiwa bado haba katika damu, wakapewa moja ya hizo mbili za mwisho, walipona karibu tisa katika kila kumi. Katika takwimu zote nadhani iliyo kubwa kwa raia wa kawaida ni hii: waliofika kituoni ndani ya siku moja tangu kuumwa walikufa 19 kwa 100, na waliokaa nyumbani siku tano au zaidi walikufa 47. Dawa zote mbili zilipata idhini nchini Marekani mwishoni mwa 2020. Chanjo nayo, iliyopewa watu zaidi ya 300,000 katika mlipuko ule, huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 60 chini ya sifuri au zaidi, na aijuaye barabara ya Walikale wakati wa masika, malori yakilala tope siku nyingi, ataelewa kwamba kuifikisha chupa hiyo Pinga ikiwa bado na baridi yake ni kazi isiyopungua utafiti wenyewe kwa ugumu.

Si kila kipimo huleta dawa. Mwaka 2023 homa ya nyani, ambayo kwa binadamu ilijulikana kwanza nchini Kongo mwaka 1970, ilitokeza sura mpya huko Kamituga, Kivu Kusini, mji wa wachimba dhahabu. Na mwenye kuijua Mubi hahitaji ramani kufahamu kwa nini ilishika pale, kwani miji ya machimbo yote ina mwenendo mmoja: vijana mbali na wake zao, fedha ya haraka, vyumba vya kulala watu kumi, na wageni wanaoondoka kila alfajiri. Wakati huo kulikuwa na jaribio la dawa ya tecovirimati huko Tunda, mkoani Maniema, na Kole, mkoani Sankuru. Nusu ya wagonjwa walipewa dawa, nusu walipewa vidonge vinavyofanana nayo visivyo na dawa ndani, na si mgonjwa wala mwuguzi aliyejua kipi ni kipi. Matokeo yalitangazwa Agosti 2024: vidonda havikupona upesi zaidi kwa waliokunywa dawa. Watu wengine wakakaa kuhuzunika. Mimi naona humo kulikuwa na habari njema iliyopitwa kwa haraka mno. Wagonjwa 597 wa pande zote mbili walikuwa wamelazwa, wakalishwa, wakaoshwa vidonda, wakatibiwa maradhi mengine waliyokuwa nayo, na wote kwa jumla walikufa chini ya 2 kwa 100, ilhali kawaida ya vifo nchini ilikuwa kama 4 au zaidi.

Upande wa ugonjwa wa damu uitwao selimundu nitapita upesi, kwa vile habari yake ni fupi na ya furaha: katika jaribio lililofanyika Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda, na kutolewa matokeo mwishoni mwa 2018, watoto 606 walipewa hidroksiyurea, dawa iliyoogopwa kwamba ingewazidishia malaria, na malaria ikapungua kama nusu, na vifo pia vikapungua.

Malaria yenyewe ndiyo inayotuhusu kuliko yote, kwa kuwa katika msitu wa Walikale haina msimu. Kwa mtoto aliyezidiwa, kwinini ilikuwa mfalme wa dawa hadi mwaka 2010, yalipotoka matokeo ya kuipima dhidi ya sindano ya atesuneti kwa watoto 5,425 wa nchi tisa za Afrika, Kongo, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwamo: waliopewa kwinini walikufa 10.9 kwa 100, waliopewa atesuneti 8.5. Lakini sindano hutaka kituo, na kituo huwa mbali. Hivyo ikabuniwa atesuneti ya kutia njia ya haja kubwa, ambayo mhudumu wa kijiji aweza kumpa mtoto asiyeweza kumeza, ili imshikilie roho mpaka afike hospitali. Kuanzia 2018 hadi 2020 ilitazamwa inavyotumika katika maisha ya kila siku, huko Kongo, Nigeria na Uganda, na mategemeo yakavunjika: haikuonekana kupunguza vifo, kwa kuwa watoto wengi walipewa, homa ikashuka, wazazi wakadhani maradhi yamekwisha, au walifika kituoni wasipate tiba yote. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zisiitawanye dawa hiyo hadi yapatikane maelekezo, na maelekezo yalipotoka yalisema itolewe pale tu ambapo safari ya kwenda hospitali na tiba ya kumalizia vimehakikishwa. Kwa mama wa Mubi, katika nchi ambayo mwezi Machi 2025 vita viliingia hadi Walikale yenyewe, maana yake ni pikipiki yenye mafuta, njia isiyo na kizuizi cha wenye silaha, na kituo ambacho rafu yake haijaishiwa vidonge vya siku tatu.