Mvua Ikifunga Mlango: Tufanye Nini na Watoto Ndani?

Mvua imerudi, na kila mama tunayepita kwake anatupa kilio kilekile: "Mwalimu, hawa batoto bananimaliza!" Ni kweli kabisa. Nyumba ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa kitenge. Shiting inalia juu kama ngoma. Nje ni matope matupu, na ndani kuna watoto watano au sita, kila mmoja anataka kukimbia.

Huko Ulaya wanaongea juu ya majira ya baridi, theluji inawafungia watoto ndani. Sisi theluji hatuna, lakini mvua tunayo. Hapa Burundi inaanza Septemba au Oktoba, inapumzika kidogo Januari, halafu inarudi kwa nguvu mpaka Mei. Hesabuni wenyewe hiyo ni miezi mingapi!

Tena wengi wetu tulivuka ziwa kwa mitumbwi, kutoka Fizi na Baraka, tukashukia Rumonge au Nyanza-Lac. Januari 2018 walivuka maelfu ya watu kwa siku chache tu. Mtoto aliyezoea joto la pwani, mchanga na kuogelea, leo yuko huku mlimani ambako baridi ya usiku inauma. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na vilima vya huku ni karibu mara mbili ya hapo. Ndiyo maana anatetemeka.

Kwa nini tusimwache tu atoke? Kwa sababu mtaro uliokuwa mkavu asubuhi, jioni unabeba mtoto. Mwaka 2024 sote tulisikia jinsi ziwa lenyewe lilivyopanda likaingia ndani ya nyumba za watu Gatumba, Rumonge na Nyanza-Lac. Maji si ya kuchezea.

KWANZA, MBABULA ITOKE

Kabla ya michezo tuseme hili bila kuficha. Baridi ikizidi, wengine wanaingiza mbabula yenye makaa ndani, wanafunga mlango, wanalala. Jamani, hiyo inaua! Makaa yanatoa hewa yenye sumu ambayo haina rangi wala harufu. Mtu anasikia kichwa kinauma, anachoka, analala, haamki. Hata makaa yasiyotoa moshi yana hiyo sumu. Pikeni mahali penye hewa, na usiku mbabula ibaki nje. Watoto wapate joto kwa kulala pamoja, nguo kavu na uji wa moto.

RADI NA WOGA WA MTOTO

Huko kwetu radi si kitu kidogo. Utafiti wa setilaiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Kabare, kule Kongo, ndiyo inayopigwa na radi nyingi kuliko mahali pengine popote Afrika. Lakini kwa watoto wetu kuna jambo lingine. Mtoto aliyesikia risasi, radi ikilia anaingia chini ya kitanda. Usimcheke. Usimwambie "wewe mwoga". Masikio yake yanakumbuka.

Mfundishe kuhesabu. Mwanga ukimulika, anzeni pamoja polepole: "Rumonge moja, Rumonge mbili, Rumonge tatu..." mpaka mlio ufike. Kila "Rumonge" ni karibu sekunde moja. Sauti inatembea mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila sekunde tatu ni kilomita moja. Mkifika tisa, radi iko kilomita tatu. Hesabu ikizidi kuongezeka, radi inaondoka, na mtoto anaona hilo yeye mwenyewe. Kelele ile inakuwa kitu cha kupima, haiwi tena mtu anayemfuata. Radi ikiwa bado inalia msitoke kwenda chini ya mti, wala msishike nguzo ya chuma. Subirini nusu saa baada ya mlio wa mwisho.

MICHEZO MINNE ISIYOHITAJI PESA

1. Taa na ndagala. Watoto wa Rumonge wanaijua kazi hii kwa macho. Usiku wa giza wavuvi wanawasha taa juu ya maji, ndagala wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Mbalamwezi ikiwa kubwa wanapumzika, maana taa haina nguvu tena. Basi mtoto mmoja ashike tochi, wawili washike kitenge, hicho ndicho wavu. Wengine ni ndagala, wanakuja kwa magoti, kimya kabisa. Tochi ikizimwa, kitenge kinashuka! Aliyenaswa anakuwa mukeke, anasaidia kuwinda wenzake. Ndagala akipiga kelele ametoka. Hapo mama naye anapata kupumua.

2. Bao. Warundi wanaliita ikibuguzo. Lile la wakubwa lina mashimo 32 na kete 64. Kwa wadogo chora kwa mkaa mistari miwili ya miduara sita juu ya katoni, weka kete nne kila mduara. Kule Rumonge wanazo mbegu za michikichi za kujichezea, huku tutumie vijiwe. Maharage ya posho tuyaache kwenye sufuria! Mtoto anayecheza bao anajifunza kuhesabu na kungoja zamu yake. Ila asiye na miaka mitatu asikaribie vijiwe, atavimeza.

3. Vitendawili. Sisi tunasema "Kitendawili!", wanajibu "Tega!" Majirani wetu Warundi wanasema "Sokwe!", wanajibu "Niruze!" Wafundishe watoto yote mawili, watapata marafiki. Tumewatungia vitatu vya kuanzia:

Analia juu ya nyumba, machozi yake tunapikia.
Mchana kipofu, usiku anaona mpaka chini ya maji.
Mama mmoja, watoto wanne wanamnyonya, hakauki.

Majibu ni mvua, taa ya mvuvi, na Ziwa Tanganyika pamoja na nchi zake nne: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Hapo endelea na somo. Waambie ziwa lao lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kina chake ni kama mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake, kule Urusi, linalolizidi kwa kina. Mtoto aliyeitwa "mkimbizi" siku nzima ajue kwamba ametoka kwenye ziwa kubwa namna hiyo.

4. Kuchora. Chukua kaye ya zamani, upande usioandikwa, na kipande cha mkaa. Achore alichotaka. Akichora mtumbwi na watu wenye bunduki, usichane karatasi, wala usimgombeze. Mwulize tu kwa upole, "Huyu nani? Halafu ikawaje?" Kisha mwulize, "Na leo tuko wapi?" Achore na nyumba ya sasa, na watu waliomo. Lakini ukiona wiki zinapita mtoto hasemi, halali, anakataa kula, mlete kwenye kituo cha afya. Si aibu.

NENO KWA BABA NA MAMA

Tunaona katika nyumba nyingi kazi yote imewekwa juu ya binti mkubwa wa miaka kumi. Mama yuko kwenye foleni, baba ameenda kutafuta kibarua, yeye anabaki na wadogo zake wanne, akishinda hivyo mpaka usiku. Naye ni mtoto! Mpeni zamu ya kucheza, na kaka zake wazamie kazi pia.

Na akina baba, msione haya. Dakika ishirini za hadithi jioni zinatosha. Sema "Hadithi, hadithi!", wakujibu "Hadithi njoo!", halafu waeleze ulivyovua sangala yako ya kwanza, au babu yao alivyojenga mtumbwi. Mdogo aliyezaliwa kambini hajaliona ziwa hata siku moja, atalijua kutoka kinywani mwako tu.

Kila mtoto aje shuleni na kitendawili kimoja alichofundishwa nyumbani. Tutaviandika vyote kwenye daftari moja la darasa, kwa Kiswahili, Kibembe, Kifuliru na Kirundi, tuvisome siku mvua ikitufungia darasani.

Mungu awalinde, na mlale pakavu.