Wasiwasi na Maumivu ya Mgongo Yanayorudi

Huenda ukashangaa kuona habari za mgongo katika gazeti la wakulima. Lakini mgongo ndio jembe la kwanza la mkulima. Ukishindwa, jembe la chuma litabaki limeegemea ukuta. Tena siku hizi wakulima wengi wana mguu mmoja shambani na mwingine mjini.

Chukua mfano wa Pipeline, mtaa wa Embakasi, Nairobi, ninakokaa mimi. Majumba ya kukodi yamepanda ghorofa sita, saba na hata zaidi, yamekaribiana hata jua halifiki chini. Maji ya bomba hayapatikani kila siku, basi watu huyanunua kwa mitungi ya lita 20 na kuipandisha ngazi. Mtungi mmoja ukijaa ni kilo 20. Alfajiri wengi hushika njia kwa miguu kwenda Eneo la Viwanda kutafuta kazi, na fedha kidogo wanayoipata huigawa mara mbili: kodi ya chumba hapa, mbegu na mbolea nyumbani.

Mtu wa hapa akiumwa kiuno hulaumu mtungi. Mimi pia niliulaumu. Maumivu yalikuwa yakija, yakikaa wiki moja, yakiondoka, kisha yakirudi. Basi nikafanya kama tunavyowaambia wakulima wafanye na mvua: nikachukua daftari nikaandika kila siku. Niliandika mitungi niliyobeba, saa nilizolala, mambo yaliyonisumbua moyoni, na kama mgongo uliuma. Baada ya miezi minne nilisoma daftari lile nikastaajabu. Siku niliyopandisha mitungi sita mpaka ghorofa ya tano kwa ajili ya kufua, sikuumwa. Maumivu yalikuja mwisho wa mwezi, kodi ikikaribia, na tena wiki ile niliyopigiwa simu kwamba mvua imekawia na mahindi yanakauka.

Daftari la mtu mmoja si ushahidi wa watu wote. Lakini wataalamu nao wameona jambo kama hilo. Mwaka 1991 huko Marekani ulitolewa uchunguzi wa wafanyakazi 3,020 wa kiwanda cha ndege cha Boeing. Wale waliosema kwamba kazi yao huwafurahisha kwa nadra sana walikuwa na uwezekano wa mara mbili na nusu zaidi wa kuripoti maumivu ya mgongo kuliko wenzao. Basi mgongo hauhesabu kilo peke yake.

Je, maana yake ni kwamba maumivu haya ni ya kujifanya? Sivyo hata kidogo. Maumivu ni ya kweli. Sikiliza jinsi yanavyofanya kazi.

Mtu mwenye wasiwasi hukaza misuli bila kujua, hasa ya shingo, mabega na kiuno. Pumzi yake huwa fupi. Usiku hapati usingizi, na mwili usiolala huhisi maumivu upesi zaidi. Tena mishipa ya fahamu hupeleka habari za mwili kwenye ubongo, na ubongo ndio unaoamua habari hiyo ni ya hatari kiasi gani. Ufikirie mlinzi wa usiku aliyekwisha kuibiwa mara moja. Tangu siku ile, hata jani likianguka hupiga firimbi. Ubongo wenye hofu hufanya vivyo hivyo: mchovu mdogo wa kiuno huwa kelele kubwa.

Hapo mduara huanza. Mgongo unauma, nawe unaogopa kwamba umevunjika. Kwa kuogopa, unalala kutwa, huinami, huendi nyumbani kulima. Misuli isiyotumika hulegea, na ukirudi kazini huuma upesi. Siku za kazi zimepotea, deni limeongezeka, na mke au mzee nyumbani amebaki na palizi peke yake. Wasiwasi unazidi, na mgongo unauma tena.

Wengine hufikiri picha ya mgongo itamaliza shauri. Lakini visahani laini vilivyo kati ya pingili huchakaa kama nywele zinavyoota mvi. Miongoni mwa watu wa miaka 50 wasioumwa kabisa, karibu 80 katika kila 100 huonekana na uchakavu huo wakipigwa picha. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa kiuno, na kwamba katika wagonjwa 100, kama 90 hakuonekani ugonjwa maalumu unaoleta maumivu hayo.

Basi yafaa ufanye nini?

Kwanza, usilale kitandani siku nyingi. Tembea kidogo kidogo, kisha ongeza. Mwaka 1997 wakuu wa jimbo la Victoria, Australia, walianza kutangaza kwa televisheni kwamba mwenye maumivu ya mgongo aendelee na shughuli zake. Fikira za watu zilibadilika, na madai ya fidia ya mgongo yakapungua.

Pili, rudia kazi kwa kipimo. Fahali mchanga hafungwi plau siku nzima mara ya kwanza. Lima nusu saa, simama, jinyooshe, kisha endelea. Jaza mtungi nusu, uushike karibu na mwili, na ubadilishe mkono.

Tatu, utendee wasiwasi kama kazi nyingine yoyote. Andika madeni yako yote, kisha chagua moja unaloweza kulipunguza wiki hii. Kodi ikiwa pungufu, mwendee keateka kabla ya tarehe kufika, usingoje agonge mlango. Zungumza na mwenzi wako au rafiki wa chama. Kabla ya kulala, vuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, kwa dakika tano.

Nne, usifanye kemisti kuwa jikoni lako. Dawa za maumivu zinazomezwa kila siku bila shauri la daktari zaweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Pombe nayo huazima usingizi wa usiku mmoja na kudai riba kesho yake.

Tano, ikiwa wasiwasi umedumu wiki nyingi, moyo unakwenda mbio na usingizi umekimbia, mwambie muuguzi au daktari wazi wazi, pamoja na habari za mgongo. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba maumivu ya kiuno yaliyodumu yatibiwe kwa mafunzo, mazoezi na msaada wa mawazo pia. Si aibu.

Lakini jihadhari! Si kila mgongo unaouma ni wa wasiwasi. Nenda hospitali mara moja ukiona miguu imelegea, ganzi sehemu za siri, au mkojo na choo vimekataa au vinatoka bila kujua. Nenda pia bila kukawia ukiwa umeanguka vibaya, au una homa, jasho la usiku, kikohozi au kukonda, kwani kifua kikuu huweza kuingia katika uti wa mgongo. Wafugaji wakumbuke vilevile ugonjwa wa bruselosi, unaopatikana kwa maziwa yasiyochemshwa. Nao huleta homa na maumivu ya mgongo.

Ikiwa daktari amekupima na hakuona hatari hizo, nunua daftari. Andika kila siku mzigo wako, usingizi wako na wasiwasi wako. Mimi bado napandisha mitungi ghorofa ya tano, na mwisho wa mwezi kiuno bado hunikumbusha kodi. Lakini sasa sikilalii. Huinuka nikatembea, nikafungua daftari la madeni, na Jumamosi huenda nyumbani kupalilia.