Asali na Ugonjwa wa Sukari: Tuandike Nini Kwenye Chupa?

Tumeletewa swali na kikundi kimoja cha wafugaji wa nyuki, na kwa kuwa linagusa vikundi vingi tumeonelea tulijibu hapa ili kila mtu asome.

Kikundi hicho kina mizinga ya kutosha na asali yao ni safi. Mnunuzi mmoja wa mjini amekubali kuwaongezea bei, lakini kwa sharti moja: kila chupa ibandikwe karatasi yenye maneno "Asali ya asili, salama kwa wagonjwa wa sukari." Anasema wanasayansi wamepata ndani ya asali sukari isiyopandisha sukari ya damu. Basi kikundi kikagawanyika. Wengine walisema tuandike tu, karo inangoja. Mama mweka hazina akakataa kutia sahihi. Mzee wake ana kisukari, na mwaka jana aliacha tembe zake akawa anakula asali vijiko vitatu asubuhi na vitatu jioni, kwa kuambiwa ati ni dawa. Alipofikishwa hospitali kidonda cha mguu kilikuwa kimeharibika, na kidole kimoja kikakatwa.

Je, mnunuzi amesema uongo? Sisi tunaona ameshika ukweli mdogo sana akaujengea nyumba kubwa. Hebu tuuangalie huo ukweli wenyewe, maana unafaa kujulikana.

Ndani ya chupa mna nini?

Chukua gramu 100 za asali ya nyuki wetu wa kawaida. Maji ni kama gramu 17. Karibu gramu 82 ni sukari za aina mbalimbali. Kubwa ni mbili: fruktosi, ambayo ndiyo sukari ya matunda, kama gramu 38, na glukosi kama gramu 31. Glukosi ndiyo sukari ile ile inayopimwa kwenye damu wakichoma kidole zahanati. Zinazobaki ni sukari ndogo ndogo nyingi, na vitu vingine kidogo vinavyoleta rangi na harufu. (Glukosi pia ndiyo inayofanya asali kuganda. Asali ikiganda chupani msidhani mumeuziwa sukari guru; ni maumbile yake.)

Fruktosi haipandishi sukari ya damu haraka, kwa sababu huenda kwanza kwenye ini. Lakini ikizidi, ini huigeuza kuwa mafuta. Glukosi nayo huingia damuni moja kwa moja, haina haja hata ya kusagwa. Kwa hiyo asali ya kawaida hupandisha sukari ya damu, tena upesi. Wataalamu wana kipimo ambacho glukosi tupu hupewa 100. Sukari ya mezani hupata kama 65, na asali kwa wastani kama 60, ingawa asali hutofautiana sana kulingana na maua. Tofauti hiyo si ya kumfanya mtu aache tembe.

Tena kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii, nalo ni uzito. Kijiko kikubwa cha asali kina gramu 21 hivi, na ndani yake sukari gramu 17. Kijiko hicho hicho cha sukari ya dukani, kikiwa sawasawa bila kilima, kina gramu 12 au 13. Yaani mtu anayebadilisha kijiko kwa kijiko kwenye chai yake ameongeza sukari, na huku anajisifu ameipunguza!

Ile sukari ya polepole

Sasa tuje kwa sukari ya mnunuzi. Ipo kweli. Inaitwa isomaltulosi, na imo katika asali kwa kiasi kidogo mno, kwa kawaida haifiki gramu moja katika gramu 100. Ilitambuliwa Ujerumani mwaka 1957 katika kiwanda cha sukari, ambapo bakteria fulani walikuwa wakiitengeneza kutoka kwa sukari ya kawaida. Tangu miaka ya 1980 imetumika katika vyakula huko Japani, na mwaka 2005 Jumuiya ya Ulaya iliiruhusu. Hii wanayouza inatengenezwa kiwandani kwa kutumia bakteria, haikamuliwi kutoka kwa asali.

Kuelewa inavyofanya kazi, fikirini ng'ombe wawili wa kulima waliofungwa nira. Sukari ya mezani ni glukosi moja na fruktosi moja zilizofungwa pamoja. Isomaltulosi nayo ni glukosi moja na fruktosi moja, ng'ombe wale wale wawili, ila nira imefungwa mahali pengine. Katika ukuta wa utumbo mwembamba kuna vimeng'enya, ambavyo kazi yao ni kufungua nira hizo. Nira ya sukari ya mezani hufunguliwa mara moja. Ya isomaltulosi ni ngumu, hufunguliwa kwa mwendo wa kama robo tu. Mwisho wa safari zote mbili huingia damuni na kutoa nguvu ile ile, lakini moja inaingia kwa kishindo na nyingine kidogo kidogo. Kwenye kile kipimo cha 100, isomaltulosi hupata 32.

Hapo ndipo watafiti walipofurahi. Kwa miaka mingi walikuwa wakijiuliza kama ubaya wa sukari unatokana na wingi wake au kasi yake. Ukilinganisha soda na maharagwe huwezi kujua, kwa sababu vimetofautiana katika kila kitu. Lakini hapa kuna sukari mbili zenye vitu vile vile, uzito ule ule, nguvu ile ile, na kilichobadilika ni mwendo tu. Mtu huja asubuhi kabla ya kula, hunywa sukari moja ndani ya maji, hutolewa damu kidogo kila baada ya dakika chache kwa muda wa saa mbili au tatu. Siku nyingine anarudi anakunywa ile ya pili. Analinganishwa na yeye mwenyewe, hakuna kusingizia kwamba fulani ni mnene na fulani ni mwembamba.

Kilichoonekana ni kwamba sukari ya polepole hupandisha damu kidogo zaidi, na kongosho halilazimiki kutoa insulini nyingi kwa mkupuo. Likaonekana na jambo lingine. Utumbo wetu hutoa homoni, yaani wajumbe wanaobebwa na damu. Sehemu ya juu ya utumbo hutoa mjumbe aitwaye GIP, na sehemu ya chini hutoa zaidi GLP-1. Sukari ya mezani huisha yote huko juu, kwa hiyo humwamsha sana GIP. Isomaltulosi hufika mbali zaidi, ikamwamsha GLP-1, ambaye husaidia mwili kutumia sukari na kumfanya mtu ajisikie ameshiba. Panya wa maabara waliolishwa sukari ya polepole kwa majuma mengi walipata mafuta kidogo zaidi kwenye ini kuliko waliolishwa ile ya kawaida. GLP-1 ndiye anayeigwa na zile sindano mpya za kisukari zinazosemwa sana siku hizi redioni.

Angalieni kwamba hao watu walipewa gramu 50 za isomaltulosi tupu, au zaidi. Mtu akitaka kupata gramu 50 kutoka kwa asali yetu, itambidi ale zaidi ya kilo tano. Sasa piga hesabu ya glukosi iliyomo ndani ya hizo kilo tano!

Nyuki wasiouma

Mmoja wetu aliuliza: je, na asali ya wale nyuki wadogo wasiouma, ambayo wazee walikuwa wakiitumia kwa kikohozi? Swali zuri. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walipima asali ya aina tano za nyuki wasiouma kutoka Australia, Malaysia na Brazil. Walikuta sukari iitwayo trehalulosi, gramu 13 mpaka 44 katika kila gramu 100. Hii nayo ni ng'ombe wale wale wawili kwa nira nyingine tena, na husagwa polepole. Hicho si kiasi cha kudharau hata kidogo.

Lakini msikimbilie karatasi na gundi. Nyuki hao si wetu. Sisi tuna aina zetu, na wakulima wa kandokando ya msitu wa Kakamega wamefundishwa na kituo cha ICIPE kuwafuga ndani ya visanduku, lakini namba za Malaysia haziwezi kubandikwa kwenye chupa ya Kakamega. Hata katika hao waliopimwa, gramu 13 na gramu 44 ziko mbali sana. Tena watafiti hao hao walionyesha mwaka 2021 kwamba nyuki wa Australia wakilishwa maji ya sukari ya mezani, wanaigeuza wenyewe kuwa trehalulosi, hata bila ua moja. Kwa hiyo sukari hiyo kuwa nyingi hakuthibitishi kwamba asali imetoka kwa maua.

Wenye nyuki hawa wakumbuke pia kwamba asali yao ina maji mengi, mara nyingi gramu 25 na zaidi katika 100, na huchacha. Kiwango cha kimataifa cha asali ya kawaida ni maji yasiyozidi 20. Msizichanganye kamwe katika ndoo moja, mtaharibu zote mbili.

Pale ambapo kasi inahitajika

Kuna wakati mwenye kisukari anahitaji asali ya kawaida, na sababu ni kwamba iko haraka. Aliyechoma insulini au kumeza tembe fulani kisha akachelewa kula, sukari yake inaweza kushuka mno. Ataanza kutetemeka, kutoka jasho la baridi, kuchanganyikiwa. Akiwa bado anaweza kumeza, mpeni kijiko kikubwa kimoja cha asali au sukari ndani ya maji, mngoje dakika 15, mrudie kama hajapata nafuu, kisha ale chakula. Hapo sukari ya polepole haifai kitu. Akiwa amezimia msimtie chochote mdomoni, atapaliwa, mkimbizeni hospitali.

Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, hata kwa kidole, hata kama nyanya yake amesisitiza. Asali inaweza kuwa na mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mtoto mchanga halijaweza kukizuia, na sumu yake hulegeza misuli mpaka ile ya kupumua.

Tukirudi kwa kikundi chetu: mama mweka hazina alikuwa na haki kutotia sahihi. Sheria ya Kenya kuhusu vyakula na dawa, Sura ya 254, inakataza kuwatangazia wananchi kwamba chakula fulani ni tiba ya magonjwa yaliyoorodheshwa humo, na jina litakalosomwa kwenye chupa ni la kikundi, si la mnunuzi. Andikeni jina la kikundi na mahali, tarehe ya kukamua, uzito, na aina ya maua kama mnaijua kwa hakika. Ongezeni mstari mmoja kwamba haifai kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Mkiweza kuipima maji kwa kile kifaa kidogo cha kuchungulia, ambacho maafisa wa ufugaji nyuki wanacho, andikeni na hiyo namba. Mnunuzi anayejua asali ataisoma kwanza kabla ya kusoma mengine yote, na huenda akawapa bei ile ile bila kuwaomba mseme lisilo kweli.

Mzee wa mweka hazina anaendelea na tembe. Asali bado anaionja, kijiko kidogo kwenye uji Jumapili, na anakihesabu kama sukari.