Pezi Likichanika, Tafuta Ndoo Kabla ya Dawa

Samaki wa tangini akichanika pezi, mwenyewe hukimbilia dawa. Atadondosha matone ya buluu, atafungua kapsuli ya antibayotiki iliyobaki nyumbani tangu mtoto augue, kisha atakaa kusubiri. Mara nyingi chombo alichokihitaji ni ndoo. Pezi hujiponya lenyewe. Kinacholikwamisha ni maji mabaya, pamoja na huyo au hicho kilicholichana, ambacho bado kimo humo humo ndani ya tangi.

Kwamba mapezi huota upya si habari ya jana. Mfaransa Broussonet aliliandika jambo hilo mwaka 1786. Pezi limejengwa kwa vijiti vyembamba vya mfupa vyenye vipingili, na kati ya kijiti na kijiti kuna utando wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Likikatika, ngozi ya pembeni huteleza na kufunika kidonda kwa muda wa siku moja hivi. Chini ya ngozi hiyo hukusanyika chembe hai zilizorudia hali ya uchanga, nazo huongeza kipingili juu ya kipingili. Samaki pundamilia, yule mdogo mwenye milia anayefugwa katika maabara nyingi kwa ajili ya utafiti wa namna hii, hurudisha mkia kwa wiki mbili hadi tatu akiwa kwenye maji ya nyuzijoto 28. Ajabu ni kwamba mkia uliokatwa karibu na mwili hukua kwa kasi kuliko uliokatwa nchani, kana kwamba unajua deni lake ni kubwa.

Kikomo kipo. Shina la pezi, pale lilipoungana na mwili, likiharibika, usitarajie mengi. Umri nao una neno lake. Samaki wa jenasi ya Nothobranchius, wanaoishi kwenye madimbwi ya mvua na ambao mmoja wao, Nothobranchius guentheri, ni wa Unguja, huzeeka kwa miezi tu. Uchunguzi wa jamaa yake, Nothobranchius furzeri, umeonyesha kuwa mzee hakuzi mkia kama kijana.

Basi kabla ya tiba, msake mchanaji. Beta, samaki mpiganaji kutoka Thailand, amezalishwa kwa vizazi vingi ili awe na mapezi marefu kama shela, na kwa uzuri huo tumempa mzigo: kila ua la plastiki lenye ncha humkwaruza, na mdomo wa chujio humvuta. Pitisha kipande cha soksi ya nailoni juu ya mapambo yote. Panapokwama soksi, pezi nalo litachanika. Mdomo wa chujio ufunike kwa sponji. Wako pia mabeta wanaojitafuna mkia wenyewe, hasa kwenye tangi dogo au lenye mkondo mkali wa maji.

Kama tangi lina wakazi wengi, watazame taa ikiwaka na wakati wa kula. Mbuna wa Ziwa Nyasa, wanaouzwa kwa jina hilo hilo hadi Ulaya na Marekani, hugombea miamba kwa meno. Katika ziwa hilo yumo hata Genyochromis mento, ambaye chakula chake ni magamba na mapezi ya wenzake. Kumtibu aliyeng'atwa na kumrudisha kwa anayemng'ata ni kumpelekea yule mwingine kitoweo. Mtenge mgonjwa, au, na mimi naona ndiyo haki, mtenge mkorofi.

Sasa litazame jeraha. Mchano wa kawaida una kingo safi, na samaki anakula. Ukiona ukingo mweupe, mweusi au mwekundu, unaolika kila siku kuelekea mwilini, huo ni uozo wa pezi, kazi ya bakteria kama Aeromonas, Pseudomonas na Flavobacterium columnare. Wengi wa bakteria hao hukaa majini siku zote wakingoja samaki adhoofike.

Kinachomdhoofisha zaidi ni amonia, ambayo samaki huitoa kwa matamvua yake mwenyewe. Bakteria wazuri waliojishika kwenye sponji ya chujio huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na makali sana. Maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yana amonia, kwa hiyo macho hayatoshi. Tumia kipimo cha matone. Amonia na nitriti zote zinatakiwa kuwa sifuri. Wakati samaki anapona, badilisha robo ya maji kila siku au kila baada ya siku moja. Maji ya bomba yana klorini: yaache kwenye ndoo wazi usiku na mchana, au tumia dawa ya kuiondoa. Mamlaka yako ya maji ikitumia kloramini, kulaza maji hakusaidii. Dawa ndiyo njia. Sponji ioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini, kamwe isiwe chini ya bomba.

Beta anataka nyuzi 25 hadi 27. Dar es Salaam hilo halina shida. Nairobi mwezi Julai utahitaji hita.

Chumvi ya jikoni inasaidia, kwa kiasi. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi kuliko maji anamoogelea, hivyo maji humpenya mchana kutwa, na kidonda huongeza mlango. Gramu 1 kwa kila lita humpunguzia kazi figo. Kijiko cha chai kilichosawazishwa chatosha lita 5; iyeyushe kwanza kwenye kikombe. Chumvi haipai na mvuke, kwa hiyo unapobadilisha maji weka ya kiasi kilichotoka tu. Kama maji yako ni ya kisima chenye ukali wa chumvi, kama ilivyo mitaa mingi ya pwani, usiongeze.

Wafugaji wa beta hutia pia majani makavu ya mkungu, yanayotoa tanini na kuyafanya maji kuwa ya hudhurungi. Huko Ulaya majani hayo hununuliwa kwa pakiti. Huku kwetu hufagiliwa uani. Hayadhuru, ila yasikufanye usahau ndoo.

Antibayotiki ingoje hadi uozo uendelee licha ya maji safi, na mtaalamu wa mifugo aseme ni ipi na kwa kipimo gani. Ukiimwaga kwa kubahatisha unaweza kuua bakteria wa chujio, amonia ikapanda, na kuwazoesha dawa wale wabaya. Chakula kiwe kidogo. Viluwiluwi vya mbu kutoka chombo safi ni karamu kwa beta.

Pezi jipya huanza likiwa halina rangi, ukingo unaoonekana kama kamasi nyembamba. Wengi hudhani ugonjwa umerudi, wakashika tena chupa ya buluu. Liache. Rangi huja baadaye, si lazima iwe ile ya mwanzo, na kijiti kilichovunjika kinaweza kubaki na kona ambayo haimsumbui samaki hata kidogo.