Mafuta, Pangaboi na Pini: Istilahi za Injini ya Boti

Mkoa wa Dodoma hujulikana kwa uwele, mtama na zabibu, na injini za boti hudhaniwa kuwa ni shauri la watu wa Pwani na wa maziwa makuu. Hata hivyo, tangu mto Ruaha Mkuu ulipozuiwa kwa bwawa huko Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ili kuhifadhi maji ya kituo cha umeme cha Kidatu, uvuvi umekuwa kazi ya kudumu katika nchi hiyo kavu. Anayenunua injini kuukuu kwa mara ya kwanza huko hakurithi lugha ya kazi hiyo kwa wazee wake, kama alivyoirithi mvuvi wa Kilwa. Hutegemea maneno ya fundi, au kijitabu cha maelekezo kilichotafsiriwa. Neno likipotoka humo, injini huharibika.

Neno la kwanza la kuchungwa ni mafuta. Injini nyingi za zamani ni za mipigo miwili: hulainishwa kwa oili iliyochanganywa katika petroli yenyewe, aghalabu lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli, na katika zilizo kuukuu zaidi lita 1 kwa 25. Injini ya mipigo minne, kinyume chake, huiweka oili yake mahali pa peke yake. Sasa mfasiri akiandika “jaza mafuta”, msomaji afanye nini? Akitia petroli tupu katika injini ya mipigo miwili, pistoni hukwaruza silinda hata ikakwama, na mafundi watamwambia kuwa injini imenoki. Kwa hiyo ninapendekeza tuandike petroli, oili na oili ya gia, kila moja kwa jina lake, na neno mafuta tuliachie mazungumzo ya kawaida.

La pili ni pangaboi. Watu huliita hivyo feni la darini na hali kadhalika chombo kinachosukuma boti. Lakini ndani ya mguu wa injini mna kijigurudumu cha mpira chenye mapezi, ambacho huvuta maji ya bwawa na kuyapandisha ili yaipoze injini. Vyote viwili vikiitwa pangaboi, mwenye injini inayochemka atanunua cha nje, ilhali kilichokwisha ni cha ndani. Kile cha nje kina jina lake zuri, rafadha, ambalo linastahili kutumika zaidi. Cha ndani na kiitwe impela, kama wauza vipuri wanavyokiita. Impela huliwa na mchanga na tope, na injini ikiwashwa nchi kavu huungua upesi, kwa kuwa maji ndiyo huilainisha. Dalili ya uzima wake ni mchirizi wa maji unaotoka nyuma ya injini. (Mfasiri aangalie tahajia pia: maji hupoza injini, herufi moja ikizidi, injini imepooza, jambo ambalo kwa kweli ndilo hutokea mchirizi huo ukikatika.)

Pini ndiyo hunisumbua zaidi. Katika injini nyingi ndogo za zamani, rafadha hushikwa na pini laini iliyokusudiwa kukatika rafadha inapogonga kisiki, ili gia zisalimike. Visiki si haba Mtera, kwani miti iliyofunikwa na maji ingali imesimama. Kuiita “pini ya usalama” ni kosa maradufu: msomaji hufikiri pini ya nguo, tena huamini kuwa iliyo ngumu zaidi ndiyo salama zaidi. Huchongea kipande cha msumari wa chuma, na siku ya kugonga kisiki hukatika meno ya gia. Pini ya kukatika ni jina refu kidogo, lakini linaeleza kazi.

Plagi, kabureta na gasketi hazihitaji kubuniwa majina mapya. Mafundi wamekwisha kuyazoea. Kinachohitajika ni vitenzi halisi. “Hudumia kabureta” halimwambii mtu chochote. Aandikiwe: fungua kabureta, mwaga petroli iliyolala, zibua vitundu kwa kupuliza wala si kwa waya, kisha rudisha boya lake mahali pake.