Kigawo, Kigawe na Namba Tasa: Mfano wa Sensa ya 2022

Kigawo na kigawe ni istilahi mbili za hisabati zinazotofautiana kwa irabu moja, na kosa la irabu hiyo hugeuza swali zima. Kigawo ni namba inayoigawa nyingine bila kuacha baki; kigawe ni namba inayogawanyika hivyo. Kwa hiyo 7 ni kigawo cha 21, na 21 ni kigawe cha 7. Uundaji wa maneno yenyewe hudokeza tofauti hiyo. Nomino nyingi zenye kiishio -o, kama vile kizibo na kifuniko, hutaja kitendea kazi. Baadhi ya zile zenye -e hutaja kinachotendwa: kiumbe kimeumbwa, mtume ametumwa. Vivyo hivyo kigawo hugawa, kigawe hugawanywa.

Namba tasa ni namba kubwa kuliko 1 ambayo vigawo vyake ni viwili tu: 1 na yenyewe. Sifa ya tasa imetoka kwa kiumbe kisichozaa. Namba 2 ndiyo shufwa pekee iliyo tasa. Tasa nyingine zote ni witiri. Namba isiyo tasa, ikiwa ni kubwa kuliko 1, huweza kuandikwa kuwa zao la namba tasa, na kwa njia moja tu, mpangilio wake usipohesabiwa.

Tarehe 31 Oktoba 2022, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi: Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120. Namba hiyo husomwa milioni sitini na moja, mia saba arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini. Mfasiri ajihadhari na “elfu mia saba na arobaini na moja”, kwani msikilizaji aweza kuelewa 700,041. Neno laki huondoa utata: laki saba, elfu arobaini na moja.

Je, namba hiyo ni tasa? La, kwa kuwa inaishia na sifuri. Ikigawanywa kwa 2 mara sita, hubaki 964,705. Hiyo ikigawanywa kwa 5 hupatikana 192,941. Nayo ikigawanywa kwa 7 hupatikana 27,563, ambayo ni 43 × 641. Basi:

61,741,120 = 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641

Jumla ya vigawo vyake vyote ni 112. Hata hivyo, lau angehesabiwa mtu mmoja zaidi, vyote vingetoweka isipokuwa 1, kwa sababu namba mbili zinazofuatana hazina kigawo kingine cha pamoja.

Kigawo 641 kina historia yake. Pierre de Fermat alidhani kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba ni 641 × 6,700,417. Kuzidisha namba mbili ni kazi nyepesi. Kuvitafuta vigawo vya zao lake ni kazi nzito, na uzito huo, kwa namba zenye mamia ya tarakimu, hutumika kulinda siri katika intaneti.

Sensa hiyohiyo iliupa Mkoa wa Dodoma watu 3,085,625, yaani 5 × 5 × 5 × 5 × 4,937. Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) cha namba ya taifa na ya mkoa ni 5. Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) ni 38,101,988,680,000. Wanafunzi hushangaa “kikubwa” kuwa kidogo na “kidogo” kuwa kikubwa. Sababu ni kwamba kigawo hakiwezi kuizidi namba kinayoigawa, wala kigawe hakiwezi kuwa chini ya namba inayokigawa.